Tangazo Lililotangulia Kifo

Papa Ndagijimana alisikia habari za kifo chake akiwa anakunywa uji.

Hivyo ndivyo alivyosimulia mjane wake, Mama Dorothée, na Inspekta Théophile Niyonsenga hakuona sababu ya kutomwamini. Jana asubuhi redio ndogo ya Nyabiondo ilikuwa inapiga wimbo wa kwaya kama desturi. Wimbo ukakatika ghafla. Sauti ya mtangazaji Gentille Uwamariya ikasema kwa masikitiko kwamba Papa Ndagijimana ameanguka njiani na kufariki, na matanga yako nyumbani kwa Manzi, mtoto wa kaka yake. Mzee alicheka hadi uji ukampalia. Majirani wakaja kumtania, wakamwita marehemu. Mwishowe akabeba jembe lake, akasema kabla ya shamba atapita redioni awaulize wamemzika wapi. Hakufika. Walimkuta kwenye kijia cha mashamba ya maharagwe, kisogo kimepasuliwa, mwili ungali na joto.

Kabla ya adhuhuri askari walikuwa wamekwisha kumkamata Gentille. Wangemkamata nani mwingine? Sauti ilikuwa yake, redio ilikuwa yake, na maiti ilikuwa imetangazwa kabla ya kuwa maiti. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na Théophile, ambaye alikuwa amefika mchana huu akiwa ametapakaa tope la barabara ya Ngungu, alikuja kujua Gentille ni yupi kati ya hao.

Redio yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbao chini ya bati, mlingoti wake ukizama na kuibuka katika ukungu. Kapiteni Nzabandora, aliyekuwa na amri ya kumlinda mtuhumiwa, alikaa kwenye kiti mlangoni, bunduki ukutani, redio ya mfukoni ikiimba pajani mwake. Gentille alikaa kwenye benchi. Kamba ilikuwa imemwachia alama mikononi, na alikuwa akizisugua kana kwamba zingetoka.

"Uko na wakati mpaka jeep ifike," Kapiteni alisema. "Ya kambi haina mafuta. Manzi njo anatupatia yake. Ikirudi tu, tunamushusha huyu mama kwa kambi ya Mubambiro."

"Manzi? Ule wa familia ya marehemu?"

"Njo yeye. Anataka haki ya baba yake mudogo. Ni mubaya?"

"Sijasema ni mubaya."

Gentille aliinua uso. "Papa Inspecteur, mu ile jeep miye sitafika."

Alisema hivyo bila kulia, na Théophile hakuipenda sauti hiyo. Mtu anayelia bado anatumaini. Alivuta kiti mbele ya kompyuta na kumwomba aje akae karibu.

Mashine ilikuwa ya zamani hasa. Padri mmoja Mbelgiji aliiacha alipostaafu, na tangu hapo sanduku lake lilikuwa limegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Haikuwa na madirisha ya rangi wala kipanya. Ilikuwa na kioo cheusi, maandishi meupe, na mfumo wa Linux wa siku zile ambazo mtu aliyeutumia alilazimika kujua anachokitaka. Théophile alikuwa amesomea informatiki Goma kabla ya kuvaa sare. Kuona ile alama ndogo ikipepesa, ikimngoja aandike amri, kulimpa furaha kidogo ambayo aliiona haya mahali kama pale.

"Nani aliwasha leo?"

"Miye," Gentille alisema. "Kapiteni alinileta asubui. Kilima ikikosa redio, bantu wanafikiri vita imefika, wanabeba magodoro."

"Njo vile," Kapiteni alikubali. "Nilisema apige nyimbo tu."

Théophile alilitafuta faili la tangazo. Lilikuwepo pamoja na nyimbo za kwaya, wala halikufichwa. Aliiuliza mashine liliandikwa lini, nayo ikajibu bila aibu: Januari, mwaka 1980.

Kapiteni aliinuka akasogea kutazama. Alisoma tarehe, akarudi nyuma hatua moja, akafanya ishara ya msalaba. "Bantu walisema hii mashini iko na mapepo. Miye nilikataa."

"Mapepo gani, Kapiteni? Ni pile," Gentille alisema. "Pile, ile betri ndogo ya ndani, ilikufaka zamani. Gurupu ya umeme ikizimika, mashini inasahau yote. Kila asubui inaamuka mu 1980. Kitu ya kwanza nafanyaka ni kuandika tarehe, mbele hata ya kuvua koti."

"Kila asubuhi?"

"Hata nikigonjwa. Ni kama kunawa uso."

"Basi aliyeweka hili tangazo aliwasha mashini, hakuandika tarehe," Théophile alisema. "Hakujua kama inaomba."

"Ao alijua," Kapiteni alisema, "akaacha makusudi, tuseme ni mugeni."

Kapiteni hakuwa mjinga, na hilo lilikuwa la kweli: mwerevu angeweza kuacha nyayo za mgeni. Théophile aliliweka kando, akavaa vipokea sauti, akasikiliza tangazo. Kisha akalisikiliza tena akiwa amefumba macho. Mara ya tatu aliliweka kwenye spika.

Sauti ya Gentille ilijaza chumba. *Familia inasikitika kutangaza kifo cha…* Nyuma ya maneno hayo jenereta ilikuwa inanguruma. *Papa Ndagijimana.* Hapo jenereta ilinyamaza, na mvua ikasikika ikipiga juu ya bati. *Aliyeanguka njiani.* Jenereta ikarudi.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia huyu mama anasema muntu amekufa," Kapiteni alisema.

"Sikiliza nyuma ya maneno. Jenereta inalia, halafu mvua, halafu jenereta. Hakuna jenereta inayozimika katikati ya sentensi ikawaka tena. Hii sauti imekatwa vipande, ikashonwa."

Gentille alikuwa ameshika mdomo.

"Siku ya posho," alisema. "Siku ya posho mvua ilinyesha, na gurupu ilikuwa imezimwa, mashini tuliwashia kwa betri ya gari. Tulikuwa na Evode."

Evode alikuwa fundi wa kompyuta. Alikuja Jumamosi kuufanya upya mfumo wa mashine, maana wa zamani ulikuwa umechoka: nyimbo zilikuwa zikikwama, na siku nyingine diski ililia kama mlango wa kanisa. Aliweka kiini kipya cha mfumo, na kilipowaka, sauti ikafa kabisa. Alihangaika mchana kutwa kuifufua. Kila alipojaribu jambo, alimwomba Gentille asome chochote kwenye maikrofoni, yeye akiirekodi kwenye kompyuta yake ndogo.

"Alisema, dada, soma majina ya bantu, sauti ya majina njo nzuri kwa kupima. Nikasoma ya bakulima, ya bakwaya. Na yangu, na ya Papa Ndagijimana pia. Mungu wangu, nilisoma nikiwa nacheka."

"Nani alimuleta Evode?"

"Manzi. Alilipa yote. Alisema ni zawadi yake kwa redio."

"Evode iko wapi sasa?"

"Alishuka Walikale siku ya yenga. Simu haipiti."

Jumapili, basi. Jumapili Nyabiondo yote huwa kanisani, na redio huwa imefungwa. Théophile alimtazama Kapiteni, naye Kapiteni alikuwa akitazama vidole vya buti zake.

"Kelele ya mvua, Inspecteur," Kapiteni alisema taratibu. "Nitaenda kwa wakubwa niseme nimefungua muntu juu ya kelele ya mvua? Wewe utarudi Goma. Miye nitabaki nao."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilimchoma Théophile. Alijua jibu lililohitajika lazima liwe zito, la kushikika, la mtu kuliona hata akiwa hana masomo. Akainuka, akazunguka chumba. Nje ukungu ulikuwa umeshakula mashamba ya mihogo na ulikuwa unapanda kuelekea mlingoti.

Kitu kimoja kilimkera tangu alipofika. Muuaji anayepanga tangazo hulitaka baada ya kifo. Hapa kilimani anayetangaza msiba wa kwanza ndiye anayepokea matanga, na anayepokea matanga ndiye anayesimama siku ya kugawa mashamba, wazee wakimsikiliza. Manzi alitaka awahi, hilo linaeleweka. Lakini awahi mjane, asiwahi kifo! Nani apange jambo kwa uangalifu wote ule, ashone sauti kama fundi cherehani, halafu akosee saa?

Alitupa macho kwenye kona ya kioo cheusi, palipoandikwa saa ya mashine. Akaitazama ya mkononi mwake. Hazikupatana hata kidogo. Mashine ilikuwa mbele.

"Gentille. Leo asubuhi uliandika saa gani?"

"Ile ya kila siku." Alijibu kama mtu aliyeulizwa kama huwa anakula. "Nilitia mbele kiasi ya misa moja."

"Misa moja?"

"Papa, hii mashini inapotezaka saa. Ikipiga wimbo, inasahau kuhesabu. Ukiweka saa ya kweli asubui, mangaribi itakuwa nyuma, na sala ya mangaribi inajipiga yenyewe wakati bantu wamelala. Padri alitufundisha tutie mbele asubui, kiasi ya misa moja. Inarudi polepole, inarudi polepole, mangaribi iko sawa. Asubui haina shida, niko hapa mwenyewe kwa mikro."

Théophile aliketi tena. Aliijua homa hiyo ya mashine kongwe: kiini cha zamani, kila kinaposhughulika na diski, huziba masikio na kukosa mapigo ya saa. Nyimbo za kutwa nzima, mapigo ya kutwa nzima yamepotea. Padri hakuweza kuitibu, akawapa watu wake dawa ya kienyeji, nao wakaitumia miaka yote hiyo hadi ikawa kama sala.

"Na wageni wanajua hiyo?"

"Nani atawaambia? Hata miye sikumbukaki kama nafanyaka. Mukono njo unafanya."

"Kapiteni, njoo." Théophile alimwonyesha saa ya kioo, kisha ya mkono. "Asubuhi, hii mashini iko mbele. Kila muntu anayefanya kazi hapa anajua. Ukitaka tangazo litoke mzee akiwa amekwisha kufa, na wewe ni muntu wa hapa, unaongeza ile misa. Muuaji hakuongeza. Alifikiri saa ya mashini ni saa ya dunia. Tangazo likamtangulia, mzee akasikia, akacheka. Gentille hangeweza kukosea vile hata akitaka."

Kapiteni alitazama saa moja, akatazama nyingine. Midomo yake ilisogea akihesabu. Safari hii hakuwa na pingamizi, na uso wake ulionyesha kwamba alilitafuta.

"Lakini Papa," Gentille alisema. Alikuwa amekunja uso mbele ya kioo. "Sasa ni karibu mangaribi. Ingekuwa imerudi. Leo haijarudi."

"Evode ameiponya. Kiini kipya hakisahau kuhesabu. Ugonjwa umeisha, na mkono wako bado unatoa dawa."

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, ingawa hawakuwahi kuona Linux. Théophile karibu atabasamu. Kisha wazo jingine likamjia na tabasamu likaganda. Tangazo la jana lilikuwa limewekwa lingoje saa yake. Je, lilikuwa peke yake? Aliiamuru mashine imwonyeshe kazi zote zilizokuwa zinangoja. Ikamwonyesha sala ya magharibi. Juu yake, kabla kidogo ya sala, palikuwa na kazi nyingine iliyopangiwa leo.

Alivaa vipokea sauti haraka, akalifungua faili lake, akasikiliza peke yake.

*Familia inasikitika kutangaza kifo cha…* Jenereta. *Gentille Uwamariya.* Mvua. *Aliyeanguka njiani.* Jenereta.

Alisikiliza akimtazama mwenye sauti hiyo, aliyekuwa ameketi karibu kiasi cha kuguswa, akisugua alama za kamba. Théophile aliogopa, wala hakuificha nafsi yake kwamba ameogopa.

"Kapiteni," alisema, akiilazimisha sauti itulie, "jana usiku ufunguo wa hapa ulikuwa na nani?"

"Manzi. Alisema atatuchungia vyombo."

"Na ndani ya jeep, mutakaa namna gani?"

"Huyu mama atakaa na vijana wawili ya Manzi. Miye nitafuata na pikipiki, hakuna nafasi."

Honi ililia nje, ndefu, kwenye ukungu.

Gentille alisimama, akakaa, akasimama tena. Théophile angeweza kuifuta ile kazi kwa amri moja fupi. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya vitufe vya klaviye. Lakini faili ni faili. Manzi angesema hakuliona, Evode hayupo, na Kapiteni angebaki na amri yake. Alitazama saa ya mashine. Kwa watu wa kilimani, wakati wa lile tangazo ulikuwa bado misa nzima mbele. Kwa mashine ulikuwa mlangoni.

Aliondoa kidole.

"Usizime hiyo redio yako," alimwambia Kapiteni. "Hata kama nini."

Manzi aliingia akikung'uta maji kwenye koti la mvua. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole, na alivua kofia alipoona watu. "Papa Inspecteur, pole na njia. Kapiteni, tuende, ukungu inafunga. Tukikawia, kule bondeni hatutaona mbele."

"Pole na wewe kwa kufiwa," Théophile alisema. "Matanga iko kwako, nimesikia."

"Ni desturi. Nani mwingine atapokea bantu?"

"Mama Dorothée?"

"Mujane anaweza nini?" Manzi alitikisa kichwa kwa huruma. "Tuende, dada Gentille. Hakuna muntu atakugusa."

Gentille alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Dakika kidogo," Théophile alisema. "Nataka unisaidie kwa Evode. Alisoma wapi?"

"Sijui. Ni fundi tu."

"Alikufundisha na wewe hii mashini?"

"Miye?" Manzi alicheka. "Miye nafuga ngombe, Papa. Hata simu inanishinda."

"Ni vile uliitolea zawadi kubwa. Nilifikiri unaipenda."

"Napenda redio ya kwetu. Kapiteni, huyu anatukawiza juu ya nini?"

Kapiteni alikuwa amesimama kati ya mlango na kiti. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika redio ya mfukoni, na kwaya ilikuwa inaimba humo ndani kwa sauti nyembamba. Alimtazama Théophile, akimwuliza kwa macho. Théophile aliwaza: na kama nimekosea hesabu, nimemtoa huyu mama kwa mikono yangu.

"Kapiteni!" Manzi alisema, na upole ulikuwa umepungua.

Kwaya ikakatika.

*Familia inasikitika kutangaza kifo cha…* ilisema redio mkononi mwa Kapiteni, kwa sauti ya Gentille, *Gentille Uwamariya, aliyeanguka njiani.*

Kapiteni aligeuka kumtazama Gentille. Théophile naye aligeuka, hakuweza kujizuia, maana hata aliyejua alihitaji kuona kwamba bado anapumua. Manzi peke yake hakugeuka. Alivuta mkono wa koti, akatazama saa yake.

Alipoinua macho aliwakuta wanamtazama. Kapiteni aliiweka redio juu ya kiti polepole, kama mtu anayeweka yai, akanyoosha mkono akachukua bunduki ukutani.

"Kapiteni, ni mashini," Manzi alisema. "Ile mashini iko na mapepo, kila muntu anajua."

"Hapana," Kapiteni alisema. "Iko na saa yake tu. Kaa chini."

Nje mlango wa jeep ulifunguka, kisha ukafungwa, kisha injini ikanguruma. Vijana wa Manzi walikuwa na redio humo ndani, bila shaka, nao walikuwa wamesikia. Jeep ilirudi nyuma kwa pupa, ikakwaruza ukuta wa mbao, ikatelemka na ukungu. Théophile hakujua ilikuwa inakimbia au inakwenda kuita wengine. Kutoka upande wa pili wa bonde, mahali palipokuwa nyumbani kwa kina Gentille, mwanamke alipiga yowe. La pili likafuata. Walikuwa wameanza kumlilia.

"Ni mama yangu," Gentille alisema.

Alitoka ukutani. Hakumwomba yeyote ruhusa. Alimpita Manzi aliyekuwa ameketi sakafuni, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, akapandisha kitufe cha maikrofoni. Kwenye redio iliyokuwa juu ya kiti ilisikika pumzi yake kabla ya maneno.

"Bandugu, ni miye Gentille, niko muzima, niko hapa mu redio. Mama, nyamaza. Mwenye kuua Papa Ndagijimana ameketi mbele yangu, na benzake wamekimbia na jeep, sijui kama watarudi. Giza iko nakuya. Njo nawaomba hivi: mukisikia tena sauti yangu inasema nimekufa, musilie kwanza. Mukuye hapa, wote."